Ekseli ya Nyuma na Breki za Pikapu ya Zamani: Mwongozo Kamili kwa Watu wa Dar

Pikapu inaingia gereji ikivutwa kwa kamba. Mwenyewe anashuka, anafuta jasho, anasema: "Fundi, ekseli nimebadilisha wiki iliyopita tu. Sasa breki hazishiki na tairi la kushoto linavuja oili." Hadithi hiyo naijua mpaka mwisho kabla hajaimaliza. Karibu kila mara kosa halikufanyika chini ya gari. Lilifanyika dukani, pale aliposema "nipe ekseli ya Hilux" badala ya kuiweka ya kwake kaunta na kuipima.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kupima na kununua. Kufungua na kufunga bolti kutakuchukua siku moja au mbili. Ukinunua vibaya utahangaika mwezi mzima.

Nazungumzia pikapu zenye ekseli ngumu ya nyuma na springi bapa zilizopandana: Toyota Hilux, Land Cruiser, Land Rover 109, Datsun, Isuzu, Peugeot 504 na ndugu zao. Nikisema ekseli namaanisha banda zima: kasha la difu, difu yenyewe (gia za krauni na pinioni zinazopokea nguvu kutoka propela, yule mti mrefu unaotoka gia boksi), saidi shafti mbili (fito zinazopeleka nguvu kwenye matairi), beringi, na sahani za breki za pande zote mbili.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Jeki mbili imara, moja iwe ya magurudumu, na stendi nne za chuma. Tofali la saruji lisikaribie kazi hii. Linapasuka bila taarifa.
- Magogo manne ya kuzuia matairi ya mbele.
- Venia (kipimo cha milimita chenye taya), tepu ya chuma, chaki, tochi na simu yenye kamera.
- Seti ya spana na soketi za milimita. Mwenye Land Rover ya zamani atahitaji na za inchi.
- Spana maalumu ya nati za paipu za breki, ile ringi iliyokatwa upande mmoja. Spana ya kawaida inakula kona za nati na kukulazimu kukata paipu nzima.
- Spana ya kupimia mkazo. Kama huna, azima.
- Oili ya difu, SAE 90 au 80W-90, yenye daraja GL-5. Nunua lita 4. Nyingi zinachukua pungufu ya hapo.
- Mafuta ya breki DOT 3 au DOT 4, chupa mpya ambayo haijafunguliwa, lita 1.
- Yubolti 4 mpya (bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi) na nati zake, sili 2 za saidi shafti, sili ya pinioni, kwotapini, gasketi.
- Spiriti ya kusafishia, brashi, barakoa, kipande cha mpira mwembamba unaoonyesha ndani, na chupa ya maji tupu.
- Msaidizi mmoja anayesikia anachoambiwa. Huyu ni adimu kuliko spea.

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli unahitaji ekseli nzima

Sauti ya kuvuma inayopanda na mwendo mara nyingi ni beringi ya tairi. Kishindo kimoja "ko!" ukiachia klachi mara nyingi ni krosi (kiungo) ya propela iliyolika. Oili kwenye dramu ni sili, au pumulio la kasha limeziba na joto linasukuma oili nje. Vyote hivyo vinatengenezeka bila kushusha banda.

Ekseli nzima inabadilishwa kama kasha limepinda au limepasuka, kama krauni na pinioni zimekatika meno, au kama sehemu ya kukalia beringi imelika kiasi kwamba beringi mpya inacheza.

Kupinda unakupima hivi: nyanyua nyuma, matairi yakiwa yamefungwa. Pima umbali kati ya rimu mbili kwa mbele ya ekseli, kisha kwa nyuma yake, kimo kilekile. Zungusha matairi nusu mzunguko urudie, ili rimu iliyopinda isikudanganye. Vipimo vikitofautiana kwa milimita kadhaa mara zote mbili, kasha limepinda.

Fungua na oili uione. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Kwa Dar hili si jambo la ajabu: masika ukikatiza Jangwani maji yamejaa, difu iliyokuwa ya moto inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili. Oili ya namna hiyo haina maana difu imekufa. Ina maana imwagwe leo.

Onyo: fungua kwanza kizibo cha kujazia, ndipo ufungue cha kumwagia. Ukimwaga oili halafu kizibo cha juu kikagoma kutoka, gari limeshalala hapo.

## Hatua ya 2: Pima ya zamani, andika

Chukua daftari. Vipimo sita ndivyo vinavyoamua kama ekseli itaingia.

Upana. Uso wa flenji ya tairi (bamba linalofungwa tairi) upande mmoja hadi uso wa flenji ya upande wa pili. Ikiwa nyembamba, tairi litasugua springi; ikiwa pana, litatoka nje ya bodi.

Vikalio vya springi. Katikati ya kikalio cha kushoto hadi katikati ya cha kulia. Hiki ndicho watu wanachokisahau. Mimi mwenyewe niliwahi kula hasara hapa: upana sawa, matundu ya tairi sawa, nikalipa nikashangilia njiani. Nyumbani vikalio vikakataa. Muuzaji akaniambia, "Kata uchomelee upya, kaka." Kasha likichomelewa bila kufungwa kwenye jigi linapinda kwa joto, na saidi shafti inaanza kula sili zake. Nikaiuza kwa bei ya chuma chakavu.

Matundu ya tairi. Kwenye matundu sita, pima katikati ya tundu hadi katikati ya lile linalotazamana nalo. Hilux nyingi na Land Cruiser za zamani zitakupa 139.7 mm. Matundu matano hayatazamani, kwa hiyo pima matundu mawili jirani, katikati kwa katikati, kisha zidisha kwa 1.701. Land Rover ya zamani itakupa takribani 97 mm, ambayo ni duara la 165.1 mm. Ukipata 88 mm umeshika duara la 150 mm la Land Cruiser za karibuni, hiyo haikuhusu.

Flenji ya propela. Umbali wa matundu yake manne, na kipenyo cha bolti.

Uwiano wa difu. Nyanyua nyuma, gia huru. Weka chaki kwenye propela na kwenye tairi moja. Msaidizi ashike tairi la pili lisizunguke. Zungusha la kwako mizunguko 2 kamili huku ukihesabu propela: idadi utakayopata ndiyo uwiano. Mizunguko 4 na kidogo ni kama 4.1, minne na nusu na ushee ni kama 4.556. Toyota wameandika kodi ya ekseli kwenye kibati cha utambulisho ndani ya boneti, pembeni ya neno "axle", lakini gari la miaka 35 limeshabadilishwa mangapi? Hesabu tu.

Ukihama kutoka 4.1 kwenda 4.556, injini itazunguka asilimia 11 zaidi kwa mwendo uleule, na mshale wa spidi utadanganya kwa kiasi hicho hicho. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni pikapu ya kuvuta magurudumu manne yenye uwiano tofauti mbele na nyuma: ukiingiza gia ya mbele kwenye lami kavu, gia boksi ya pili, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inapigana na nafsi yake hadi ivunjike.

Meno ya mwisho wa saidi shafti. Hesabu. Shafti za Land Rover za zamani zina meno 10, za baadaye 24, na kwa nje zinafanana kama mapacha.

Ukimaliza, piga picha kila upande, hasa mahali paipu na nyaya za hendibreki zinapopita.

## Hatua ya 3: Kutafuta spea mjini

Spea mpya zinapatikana zaidi Kariakoo, upande wa Gerezani. Za mtumba, zikiwemo ekseli nzima, anza Shauri Moyo, Ilala. Nenda asubuhi siku ya kazi. Jumamosi mchana muuzaji ana wateja wengi na hana subira ya kukuona ukitoa venia.

Utapokewa na winga, dalali wa mtaani, kabla hujafika dukani. "Bosi, unatafuta nini? Kipo!" Winga si mtu mbaya, anajua stoo ambazo wewe hutazijua maisha. Ila yeye anauza jina la gari. Mpe kipande cha zamani mkononi, mwambie: "Nataka kinachofanana na hiki, si kinachoingia." Kama anakwenda kukileta duka jingine, chako kibaki kwako, mpe picha na vipimo. Wili silinda (ile silinda ndogo inayosukuma shuu za breki kwenye tairi) ya Datsun ikipotea humo ndani hutaiona tena.

Sili haijui Toyota wala Land Rover, inajua milimita. Ubavuni ina namba tatu: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene, kwa mfano 50-68-9. Kama namba zimefutika, pima shafti na tundu kwa venia. Usipime sili ya zamani yenyewe, mpira wake umeshatanuka.

Beringi nayo ina namba kwenye ringi. Namba kama 6206 ni ya dunia nzima: zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa 5 upate tundu la ndani, hapa 30 mm. Nenda nayo duka la beringi badala ya duka la spea za magari. Mara nyingi utapata bora zaidi, na hakuna atakayekuuliza gari la mwaka gani.

Wili silinda. Hapa ndipo breki zinapokufa kimyakimya. Silinda mbili zinaweza kulingana kwa nje hadi tundu la bolti, moja ina tundu la ndani la inchi 3/4, nyingine 7/8. Tofauti ni milimita 3 tu. Lakini nguvu inafuata eneo la pistoni, na eneo linaongezeka kwa asilimia 36. Weka ya 7/8 pande zote mbili, nyuma itafunga tairi kabla ya mbele, na kwenye mvua pikapu tupu itageuka kuangalia ilikotoka. Weka moja upande mmoja tu, utavutwa mtaroni. Kabla ya kulipa, ng'oa kifuniko cha mpira, ingiza venia.

Paipu na nati zake. Magari ya Kijapani yanatumia nati ya milimita 10 yenye uzi wa hatua 1.0. Land Rover ya zamani inatumia 3/8 UNF, ambayo ni milimita 9.5. Ya inchi inaingia kwenye tundu la milimita 10 kwa ulegevu, inashika uzi kidogo, unakaza unaona imekubali. Siku utakayokanyaga breki kwa nguvu zote, inachomoka. Nati ya paipu ikiingia kwa kucheza, isimamishe hapo.

Paipu yenyewe iwe ya chuma au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ya inchi 3/16. Ukikosa, fundi wa friji jirani atakupa shaba laini kwa moyo mweupe. Mshukuru, mrudishie. Shaba laini inachoka kwa mtikisiko na kupasuka mdomoni.

Brekishuu na lainingi. Kama shuu za gari lako hazipo tena sokoni, zako za zamani zinapigwa lainingi mpya. Kazi nzuri inatambulika hivi: ribiti zimezama chini ya uso wa lainingi, hakuna nafasi kati ya lainingi na chuma ukichungulia kwenye mwanga, na kipande kirefu kimekwenda kwenye shuu ileile iliyokuwa nacho mwanzo. Gari nyingi zina shuu ya mbele na ya nyuma zisizolingana kwa makusudi.

Dramu. Kipenyo cha mwisho kimeandikwa kwenye chuma chenyewe. Dramu ya 254 mm ya Hilux mwisho wake ni 256. Ya 295 mwisho ni 297. Ukiikereza kupita hapo itakuwa nyembamba, itapata moto na kutanuka, pedali ishuke mteremkoni. Kereza zote mbili kipimo kimoja.

Yubolti utachongewa Gerezani ukisubiri. Sisitiza chuma kigumu cha kazi hiyo. Nondo ya ujenzi inachongeka vizuri na kung'aa, na inanyooka kama tambi ukipakia mchanga.

Ramani ya orijino na feki ni ndefu, nami sitaimaliza hapa. Raba ya breki inayonuka petroli na kubaki na alama ya ukucha, iache. Boksi linalong'aa na namba ya spea iliyobandikwa kwa stika juu ya nyingine, liache pia. Na dai risiti ya EFD, maana bila hiyo "ukikosea utarudisha" ni maneno matupu.

## Hatua ya 4: Kukagua ekseli ya mtumba kabla ya kulipa

Isimamishe juu ya magogo hapo hapo dukani, usione aibu.

Zungusha flenji ya pinioni kwa mkono. Iende laini, isikwame mahali. Ishike uicheze kulia na kushoto: mchezo mdogo ni wa kawaida. Ivute juu na chini na mbele na nyuma: hapo isicheze kabisa.

Fungua kizibo cha oili, chovya kidole. Uji wa kijivu kwenye sumaku ya kizibo ni uzee wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu ni meno. Kasha lenye kifuniko cha nyuma, kama la Salisbury la Land Rover 109, mwombe akifungue uone krauni. La Hilux halina, difu inatoka kwa mbele, basi chungulia kwa tochi kwenye tundu.

Zungusha flenji ya tairi huku umeshikilia chaki karibu na ukingo wake. Chaki ikigusa upande mmoja tu, shafti imepinda. Pitisha ukucha mahali sili inapokaa kwenye shafti: ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja wiki ya kwanza.

Halafu angalia kama pale beringi inaposhikiliwa pamechomelewa. Kwenye Hilux na nyingine za aina yake, beringi inazuiwa na ringi iliyoshindiliwa kwa presi. Kuna mafundi maiko, yaani wababaishaji, wanaoichomelea iwe "imara". Joto la kuchomelea linaua ugumu wa shafti, na shafti hiyo hukatika hapo hapo, tairi na dramu vikitoka pamoja. Ukiona ulimi wa weldi, ondoka.

## Hatua ya 5: Kunyanyua gari

Sehemu iwe ngumu na tambarare. Mchanga wa uani Mbagala unameza stendi. Weka ubao mpana chini yake.

Magogo mbele na nyuma ya matairi ya mbele. Usitegemee hendibreki. Kwenye Land Rover za zamani na Land Cruiser za miaka ya 1960 na 1970, hendibreki inashika propela, si matairi. Ukinyanyua tairi moja tu la nyuma, difu inaruhusu lile la hewani lizunguke huku la chini likitembea, na gari linaondoka na hendibreki yake imevutwa. Ukifungua propela, huna hendibreki kabisa.

Stendi zikae chini ya chasisi, mbele ya mkono wa springi. Tikisa gari kwa nguvu kabla hujaingia chini. Likicheza, shusha uanze upya.

## Hatua ya 6: Kushusha ya zamani

1. Mwaga oili. Toa matairi.
2. Weka alama ya chaki kwenye flenji ya propela na ya difu, kisha fungua na ifunge propela kwa waya pembeni. Isining'inie, itaua krosi ya mbele.
3. Fungua hozi ya breki inayotoka kwenye chasisi, ziba mdomo wa paipu. Mafuta ya breki yanakula rangi na macho; osha kwa maji mengi.
4. Fungua nyaya za hendibreki na ufito wa vali ya mzigo kama ipo. Hilux nyingi za kuanzia miaka ya 1980 zinayo: inapima springi zimelala kiasi gani na kupunguza nguvu ya breki za nyuma gari likiwa tupu. Pima urefu wa ufito huo kabla ya kuufungua.
5. Fungua shokapu kwa chini.
6. Weka jeki ya magurudumu chini ya difu, ibebe uzito. Ndipo ulegeze nati za yubolti. Zikigoma kwa kutu, kata, hizo hazirudi.
7. Kama ekseli yako inakaa juu ya springi, fungua bolti ya nyuma ya springi ili zishuke. Kama inakaa chini, inashuka yenyewe. Shusheni polepole, watu wawili wakishika ncha, maana difu nyingi haziko katikati na banda linataka kuviringika.

## Hatua ya 7: Jenga breki ekseli ikiwa chini

Watu wanapandisha ekseli kwanza halafu wanalala chali kuhangaika na springi za breki. Fanya kinyume: hapa umesimama, una mwanga, unaona.

Vumbi la dramu za zamani linaweza kuwa na asbesto. Usilipulize kwa kompresa hata kama gereji nzima inafanya hivyo. Lilowanishe kwa maji, futa, vaa barakoa.

Shughulika na upande mmoja, wa pili ukiwa haujaguswa, uwe kielelezo chako. Adjusta (skrubu za kusogeza shuu karibu na dramu) za kushoto na kulia nyingi zina uzi wa kinyume, zisichanganyike.

Safisha wili silinda kwa spiriti au mafuta ya breki. Petroli, dizeli na mafuta ya taa huvimbisha raba, na utakuja kulaumu duka. Ndani ya silinda kukiwa na vishimo vya kutu, nunua nyingine. Raba mpya kwenye ukuta wenye vishimo haimalizi mwezi kwa unyevu wetu wa pwani.

Paka grisi kidogo ya joto kali pale shuu zinaposugua sahani. Kidogo. Kwenye Hilux legeza pia kile kikono cha hendibreki nyuma ya sahani, kutu hukikamata na ndicho kinachoendesha adjusta. Kikikwama, shuu hazijirekebishi tena na pedali inashuka kila wiki.

Sili mpya ipakwe oili mdomoni na igongwe kwa mbao bapa, iingie sawa pande zote. Beringi na ringi yake vipelekwe kwenye presi; ringi ya zamani haitumiki tena.

Ukifaulu: dramu inaingia kwa kusukuma kwa mikono miwili, inazunguka kwa msuguo mwepesi unaosikika kama kufagia. Isipoingia, rudisha adjusta, usiipige nyundo.

## Hatua ya 8: Kupandisha

Pandisha hadi kichwa cha bolti ya katikati ya springi kizame kwenye tundu la kikalio, pande zote mbili. Usipokiona, kipapase. Kikikaa pembeni, ekseli itakaa mshazari na gari litatembea kama kaa.

Kaza yubolti kwa kukingamisha kona, kidogo kidogo, kwa mkazo wa kitabu cha gari lako. Pima kutoka tundu la mbele la springi hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia. Vilingane.

Tazama flenji ya pinioni kwa ubavu: iwe sambamba na ile ya gia boksi. Ikiangalia juu sana, krosi zitatetema kuanzia spidi fulani, nawe utabalansi matairi bure.

Bolti za bushi za springi usizikaze sasa. Subiri gari likae kwenye matairi yake, la sivyo bushi zitakuwa zimejikunja muda wote na kuchanika.

Safisha pumulio, jaza oili hadi ichuruzike kwenye tundu la kujazia. Hozi ya breki iwe mpya. Ya zamani huvimba kwa ndani: mafuta yanakwenda, hayarudi, na tairi linabaki limeshikwa.

## Hatua ya 9: Kurekebisha na kutoa upepo

Legeza kwanza nyaya za hendibreki kabisa. Zikiwa zimevutwa zinasukuma shuu kuelekea dramu, na marekebisho yote yatakuwa ya uongo. Kaza adjusta hadi tairi ligome, rudisha hadi lizunguke kwa kufagia. Hendibreki ifungwe mwisho.

Kwenye usukani wa kulia, masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali ya breki) iko kulia, kwa hiyo tairi la mbali zaidi ni la nyuma kushoto. Anza hapo, nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Vali ya mzigo ikiwa na nipu yake (chuchu ya kutolea upepo), nayo itolewe upepo.

Mpira unaoonyesha ndani kwenye nipu, ncha yake ndani ya mafuta chupani. Ninyi wawili mnazungumza hivi:

"Piga." Anakanyaga polepole.
"Shika." Anashikilia chini.
Unafungua robo mzunguko, unafunga.
"Achia."

Asiachie kabla hujafunga, upepo utarudi ndani. Kila mara tano angalia kopo la masta silinda. Likikauka mmeanza upya. Mafuta yaliyotoka hayarudi. Chupa iliyokaa wazi kwenye rafu tangu Idi ya mwaka jana imekunywa unyevu: DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi 205, ikishanyonya maji inashuka kuelekea 140.

Soma pedali:

- Inabonyea kama sponji: bado kuna upepo.
- Iko chini mara ya kwanza, ukipiga ya pili inapanda na kuwa ngumu: shuu ziko mbali, rudi kwenye adjusta.
- Ngumu, lakini ukiikandamiza dakika moja inazama taratibu na hakuna kinachovuja nje: masta silinda imechoka.
- Ngumu, juu, haisogei: ndiyo tunayoitafuta.

## Hatua ya 10: Jaribio

Anzia uwanja mtupu, mwendo wa mtu anayekimbia. Kanyaga kawaida mara kumi, kisha kwa nguvu mara moja. Shuka uangalie alama za matairi ya nyuma mchangani, zilingane.

Kisha kilomita 10 za barabara tulivu, bila mzigo. Mandela Road na malori yake isubiri. Ukisimama, sogeza mkono karibu na dramu moja baada ya nyingine. Joto lilingane. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, shuu zimebana au hozi hairudishi mafuta.

Kama springi zako zilinyanyuliwa kwa kuongezwa bapa, vali ya mzigo inadhani gari ni tupu siku zote na inanyima breki za nyuma nguvu. Rekebisha urefu wa ufito, halafu ujaribu tena ukiwa na mzigo mdogo.

Lala chini na tochi: sili ya pinioni, nyuma ya sahani zote mbili, kila nati ya paipu. Karatasi nyeupe chini ya gari usiku kucha itakueleza zaidi ya macho yako.

Baada ya wiki ya kazi, kaza yubolti upya. Zitakuwa zimekubali robo mzunguko au zaidi. Ukifika kama kilomita 1,000, mwaga oili ya difu uiangalie kwenye beseni juani. Ikiwa ina mng'ao mwembamba wa chuma, weka mpya uendelee na safari. Ikiwa imegeuka tena chai ya maziwa, tafuta pumulio, na masika ijayo pita njia nyingine.